Kofia ya Radi Haikutoka

Ukuta unaotenganisha saluni yangu na duka la Mama Vipimo ni wa mbao nyembamba. Akipiga chafya kule, mimi humwombea afya huku bila kuacha kusuka. Kwa miaka kumi na minne nimesikia yote ya upande ule: mabibi harusi wakidanganya kuhusu viuno vyao, wanaume wakivuta matumbo ndani wakipimwa suruali, na yeye akiwaambia wote neno lilelile, "Pumua, mwanangu. Nguo hii utaivaa ukiwa hai." Nikajiona namjua yule mama nje ndani. Kumbe nilijua pindo tu.

Wakati mambo haya yanatokea alikuwa na miaka sitini. Mfupi, mnene wa kutosha, miwani imefungwa kwa uzi mweusi, futi ya kamba shingoni kutwa nzima. Mumewe alishatangulia mbele ya haki, na wanawe wawili walikuwa mbali, kila mmoja na makazi yake. Jina la Vipimo alipewa kwa sababu akikutazama tu anajua kiuno chako na, kwa mujibu wa wenye wivu, dhambi zako pia.

Ila sifa yake kubwa ilikuwa moja. Yeye ndiye aliyeshona koti la Radi.

Kama umezaliwa juzi, ngoja nikueleze. Radi alikuwa stelingi wa filamu tatu zilizotutoa akili tukiwa wadogo. Alikuwa mtafuta hazina. Anaingia mapangoni, anapigana na majambazi ishirini ambao kwa adabu zao walikuwa wakimjia mmoja mmoja, anamnyonga mamba wa mpira ambaye kamba ya mkia wake ilionekana kabisa. Tuliiona ile kamba, na bado tulipiga kelele. Alivaa koti la kahawia lenye mifuko saba, ambalo watu waliapa ni la ngozi ya nyati. Lilikuwa la viti vya basi bovu. Mama Vipimo mwenyewe alivichuna usiku na mchana kwa wembe, kwa kuwa watengenezaji hawakuwa na ngozi wala nyati.

Na juu ya yote kulikuwa na daraja. Mwisho wa filamu ya kwanza, Radi anabanwa katikati ya daraja, majambazi mbele na nyuma. Anapanda ukingoni. Anajitupa. Mto unammeza, kimya, kisha anaibuka, na kofia bado iko kichwani! Shuleni kwetu watu walipigana kwa ajili ya ile kofia. Wengine walisema ni dawa, wengine walisema ni gundi. Mimi niliruka kutoka juu ya kabati na kofia ya baba, nikapata kovu ambalo ninalo mpaka leo, na kofia ilitoka.

Yule mwigizaji tuliendelea kumwita Radi hata alipokuwa akinunua nyanya sokoni. Baada ya filamu ya tatu ukumbi wa sinema uligeuzwa ghala la magodoro, naye akabaki kutangaza dawa ya kikohozi redioni. Sasa alikuwa na miaka sabini na miwili. Chumvi alikuwa ameila ya kutosha, na kichwani alibakiwa na nywele ambazo ningeweza kuzihesabu kwa vidole na zisifike miguuni. Kwa Mama Vipimo alikuwa shemeji, maana alimuoa dada yake mkubwa, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, ambaye mtaa mzima tunamwita Mwalimu na bado tunajiweka sawa kola anapopita.

Hadithi ya ndoa yao tuliijua sote, kwani Radi aliisimulia hata kwa wasioomba. Alimposa Mwalimu mara mbili, akakataliwa mara mbili. Mara ya tatu Mwalimu alikwenda kuitazama ile filamu, akaona daraja, akatoka ukumbini akasema, "Mwanamume asiyeogopa namna hii, angalau hataogopa kuosha vyombo." Akakubali.

Basi. Siku moja asubuhi mwongozaji wa filamu alishuka kwenye gari mbele ya duka la Mama Vipimo. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, binti wa yule marehemu aliyeongoza filamu zote tatu. Baba alimwachia mikanda ya filamu ndani ya makopo, na binti akaamua kumrudisha Radi. Si Radi mwingine. Radi yuleyule.

"Mama, nataka koti lilelile," alisema.

"Koti lilelile nitalishona. Mwili uleule nitautoa wapi?"

Wiki hiyohiyo Radi aliletwa kupimwa, na mkewe akaja naye kama anavyokwenda naye kila mahali, kuhakikisha hajipunguzii miaka. Nami niliitwa kutoka upande wa pili, kwa kuwa nilikuwa nimepewa kazi ya nywele, yaani kuzipaka rangi zile zilizobaki na kuwabandikia wenzao waliokwenda.

"Andika kiuno kilekile cha zamani," Radi aliagiza huku amejikaza kisabuni, uso umeanza kubadilika rangi.

"Pumua, shemeji."

"Napumua."

"Hupumui. Umekuwa kama puto lililofungwa mdomo."

Akapumua. Futi ya kamba ilitoka mkononi mwa Mama Vipimo yenyewe, ikarudi nyuma kama iliyoona nyoka. Mwalimu alicheka mpaka akakaa kitako.

Radi hakujali. Mabango yalishabandikwa mji mzima, na chini ya picha yake pameandikwa kwa herufi kubwa: ANARUKA MWENYEWE, KAMA ZAMANI. Yeye ndiye aliyeyataka maneno hayo. Magazetini alishasema kwamba hataki mtu wa kumrukia, kwamba katika maisha yake hakurukiwa na mtu. Nakumbuka alipolirudia hilo pale dukani, Mama Vipimo aliangusha sanduku la pini, na alichukua muda mrefu mno kuziokota.

Siku ya kujaribu koti ndiyo siku bomu lilipopasuka. Tulikuwa wanne ndani: Radi mbele ya kioo, Mama Vipimo magotini akiweka chaki kwenye pindo, Mwalimu kitini, mimi na kitana changu. Mwongozaji akaingia na kompyuta ndogo kifuani, macho yamemtoka.

Alikuwa amesafisha mikanda ya baba yake, alisema. Mashine za siku hizi zinaosha picha ya zamani mpaka unaona kinyweleo. Akaisimamisha kompyuta juu ya meza ya kukatia, akatuonyesha ule mruko wa darajani, polepole, kipande kwa kipande. Radi hewani, mikono imetanuka. Akakuza picha. Akaukuza mkono wa kulia.

"Mzee, hiki nini kidoleni?"

Tukainama sote. Kwenye kidole cha kati palikuwa na kitu kinachong'aa.

"Pete," alisema Radi haraka.

Mwalimu alivaa miwani yake. Mtu aliyesahihisha madaftari miaka thelathini na tano haharakishwi. "Pete ya wapi yenye vishimo?" aliuliza. "Hiyo ni kastabini. Ni ile kofia ya chuma ya kukinga kidole na sindano." Kisha akageuza shingo taratibu kuelekea sakafuni, kwa mdogo wake, ambaye alikuwa bado kapiga magoti, chaki mkononi, na kwenye kidole chake cha kati palikuwa na kastabini.

Mama Vipimo alikificha kidole ndani ya pindo la koti, lakini alishachelewa.

"Shemeji," Radi alinong'ona, "sema kitu."

"Nimesema kitu miaka thelathini na moja? Sema wewe."

Radi alisimama na mkono mmoja wa koti umeingia na mwingine ukining'inia, akitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Ikabidi Mama Vipimo ainuke na kusimulia, na alisimulia kwa ufupi kama anayesoma vipimo.

Siku ile kulikuwa na kijana muogeleaji aliyelipwa kuruka. Akafika, akautazama mto, akasema anakwenda kuleta taulo. Mpaka leo hajarudi na taulo. Mwongozaji wa wakati huo, yule marehemu, akamwambia Radi apande yeye. Radi akapanda, magoti yakagoma, akashuka kwa makalio, akasema tumbo limemuuma. Jua linakwenda zake, na kamera ilikuwa ya kuazima, inadaiwa kurudi kesho yake. Mama Vipimo wakati huo alikuwa na miaka ishirini na tisa, mwembamba, na urefu wake na wa Radi ulikuwa mmoja, maana Radi ni mfupi, ila mbele ya kamera alikuwa akisimamishwa juu ya kreti. Alikuwa pembeni akishona mfuko wa sita. Yeye na dada yake walikulia kando ya mto, kuogelea kwao ni kama kutembea.

"Nikavaa koti, nikashonea lastiki kwenye kofia, nikaifunga chini ya kidevu, nikaruka," alisema. "Kastabini nilisahau. Ndiyo hivyo tu."

"Lastiki!" nilipiga kelele. Naomba radhi, lakini nilikuwa na kovu.

Hakuna aliyenitazama. Mwalimu alikuwa amesimama.

"Ngoja niweke hesabu sawa," alisema kwa sauti ile ya ubaoni. "Niliyemuona akiruka ni huyu. Niliyempenda kwa ule mruko ni huyu. Kwa hiyo miaka yote hii mimi nimeolewa na mdogo wangu?"

"Mke wangu..."

"Na wewe," alimgeukia mdogo wake, "ulishona gauni langu la harusi. Ulikaa magotini hivyohivyo, mdomo umejaa pini."

"Ndiyo maana sikuweza kusema," alijibu Mama Vipimo. "Ulikuwa umefurahi, dada. Sikuwahi kukuona umefurahi vile. Ningesema nini? Kwamba bwana harusi ana lastiki?"

Mwalimu alichukua mkoba wake akatoka. Radi alimfuata barabarani na koti la mkono mmoja, chaki mgongoni, watu wakimpigia makofi wakidhani ni tangazo.

Siku kumi na moja Mwalimu hakusema na yeyote kati yao. Alihamia chumba cha watoto, na mumewe akawa anaachiwa karatasi mlangoni: chumvi imekwisha, bomba linavuja, mwongo apeleke takataka. Mama Vipimo naye alishona bila kuimba. Mwenzenu nilimsikia kupitia ukutani akifumua mshono uleule mara nne. Siku moja nilijitia kwenda kuazima mkasi, nikamkuta ameegemea mashine, mikono imelala.

"Unajua kinachoniuma?" aliniambia. "Si kwamba amejua. Ni kwamba nilipokuwa hewani pale nilifurahi. Nilipiga yowe la furaha, lakini filamu ikawekewa sauti ya shemeji, ile ya 'Haaa!' kama mtu anayesukutua. Nikawa najisikia kwenye masinema nikisukutua."

Siku ya daraja ikafika. Daraja ni lilelile, ila mto umebadilika: umekonda, umejaa mchanga na chupa, na anayejitupa mle leo atatoka na pepopunda. Kwa hiyo mwongozaji alikuwa amejenga jukwaa la mabomba chini kidogo ya ukingo na kulitandika magodoro matatu. Radi angevishwa mkanda wa usalama, angepanda, angepiga hatua moja, angedondokea godoro. Maji yangewekwa baadaye na kompyuta. Mtu wa bima alikuwepo na kofia ya plastiki, akiliminya kila godoro kama anayechagua parachichi.

Mwalimu alikuja pia. Alisema amekuja kusimamia mtihani. Akakaa kwenye hema la mwongozaji, akapewa vile visikilizio vya masikioni.

Radi alipanda ukingoni katika koti jipya. Lazima niseme alipendeza. Nywele nilizombandika zilipeperuka vizuri, tumbo Mama Vipimo alikuwa amelificha kwa mishono minne ya ujanja. Majambazi wakasimama huku na huku. Mwongozaji akapaza sauti, "Kamera! Haya, mzee!"

Mzee hakwenda popote.

Tukangoja. Jambazi mmoja akakohoa. Mwongozaji akamwita Mama Vipimo aende akaangalie kama koti linambana, na Mama Vipimo akapanda ngazi, akasimama jirani yake, akaanza kumnyoosha kola. Kamera hazikuzimwa, na maiki ndogo ilikuwa imebandikwa ndani ya kola yenyewe.

"Magoti?" aliuliza.

"Magoti."

"Shemeji, hapo chini ni godoro. Ukijitahidi unaweza ukasinzia."

"Najua ni godoro. Ila macho yangu hayajui." Alishika nguzo ya daraja. "Najua unanicheka."

"Nakucheka, ndiyo. Nimekucheka miaka thelathini na moja, tena kwa siri, na kucheka kwa siri kunachosha mbavu."

"Nilitaka kumwambia. Kila mwaka nilitaka. Kisha kila mwaka uongo ulikuwa umezaa, na mimi nikawa kama baba wa familia kubwa. Akija mgeni ananiuliza daraja, na yeye ananitazama, ananitazama vile... Sikuwa na kitu kingine, shemeji. Kuimba siwezi. Hesabu siwezi. Nilikuwa na daraja tu, na lenyewe ni lako."

Mama Vipimo aliacha kola. "Vyombo ulivyoosha," alisema, "nilikuoshea mimi?"

"Vyombo niliosha mwenyewe."

"Kila siku?"

"Kila siku. Hata sufuria za maziwa."

Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa hema, nikaona Mwalimu akivua visikilizio. Alipita katikati ya majambazi, wakampisha, akapanda ngazi kwa magoti yake mabovu mpaka ukingoni.

"Jukwaa lile liko mita moja na nusu," alimwambia mumewe. "Kitanda chetu kina sentimita sitini, na kila asubuhi unashuka ukiguna. Hii ni mara mbili na nusu ya hapo. Nakuuliza swali moja, jibu ndiyo au hapana. Utaruka?"

Radi alitazama chini. Alitazama kamera, mabango mangapi sijui yakipita akilini mwake. Kisha akamtazama mkewe.

"Hapana," alisema. "Naogopa. Naogopa hata kiti cha kubadilishia balbu. Balbu zote za nyumbani ananibadilishia jirani."

Mwalimu alianza kucheka. Kicheko kilianzia chini kabisa, kikapanda, kikamshika na mdogo wake, na wale mabibi wawili wakaegemeana juu ya daraja wakipangusana machozi, stelingi yuko katikati amekumbatia nguzo.

"Haya, shuka," Mwalimu alisema alipopata pumzi. "Njia ya ngazi haijafungwa." Wakamshusha, mmoja mkono huu, mwingine mkono ule.

Tulidhani yamekwisha. Mwongozaji alikuwa ameshika kichwa. Mara Mama Vipimo akarudi juu peke yake. Akaweka miwani mfukoni. Mtu wa bima akaanza kukimbia, lakini mtu wa bima hakimbii haraka kama fundi anavyoamua.

"Magodoro yasiende bure!" alisema, akapiga hatua.

Alipiga yowe. Yowe refu, la furaha, lake mwenyewe. Kisha pu! Kisha kimya. Kisha sauti kutoka chini: "Zipu ya sketi imekwenda. Msichungulie!"

Mwongozaji hakusema "kata" hata mara moja. Usiku ule alikwenda kuandika hadithi upya, na filamu tuliyoiona miezi saba baadaye haikuwa ile iliyokusudiwa. Ndani yake Radi anabanwa darajani, anakataa kuruka, anaondoka kwa ngazi akisindikizwa na mabibi wawili wanaomsuta, na majambazi, kwa mshangao, wanampisha. Anayeruka ni fundi wake. Maneno yale ya ukingoni yamo yote, mpaka sufuria za maziwa.

Tuliiona mchana, katika ukumbi wa kukodi uliojaa, watu wazima na wajukuu zao. Radi alipotamka "Hapana. Naogopa," niliona babu mmoja mstari wa mbele akisimama na kupiga makofi peke yake, kisha ukumbi mzima. Sijawahi kusikia watu wakimshangilia mtu kwa kuogopa. Lile yowe lilipokuja, Mama Vipimo, aliyekuwa kushoto kwangu, alinishika mkono akanifinya mpaka kucha zikaingia. Hakulia. Aliniambia sikioni kwamba mshono wa bega la kulia umekaa vibaya, ila alikuwa akitabasamu gizani hadi gego la mwisho likaonekana.

Mwalimu alirudi chumba cha mume, kwa masharti ambayo hakuyatangaza. Najua moja tu, kwa sababu nililiona kwa macho yangu: Radi juu ya kiti, balbu mkononi, magoti yakicheza, mkewe ameshika miguu ya kiti na kumsomea sentimita.

Wengine humuuliza Mama Vipimo kama hajutii miaka yote ile ya sifa aliyompa mwingine. Niliwahi kumuuliza na mimi, kupitia mbao. Cherehani ilisimama kidogo.

"Nilijuta Jumapili," alijibu. "Siku nyingine nilikuwa na wateja."

Kisha ikaendelea.